Kwa Nini Sakafu Yaonekana Imeinama?

Atokaye Bunia kwenda Kasenyi hupita Bogoro, na mbele kidogo nchi humkatikia miguuni. Nyanda za juu, zilizo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, zakoma ghafula, na barabara yaanza kushuka kwa mizunguko mpaka uwanda wa Ziwa Albert, ambalo maji yake yako kwenye mita 600 na kitu. Siku ambazo anga ni safi, milima ya Uganda huonekana ng'ambo ya ziwa. Dereva ashukaye hapo hashiki kalamu wala rula, na hata hivyo kila ageuzapo usukani amekwisha kupima: kona ile iko mbali kiasi gani, lori lile linalopanda litakutana naye wapi, ukingo wa bonde umeanzia pale au hapa. Abiria walio nyuma, pamoja na mbuzi wao na magunia yao ya samaki, wameyaweka maisha yao juu ya kipimo hicho, wala hawakifikirii.

Wasomaji wapenzi, leo twataka kueleza jinsi macho yajuavyo umbali wa vitu, na jinsi kasoro moja ndogo ya jicho, iitwayo astigmatizimu, iwezavyo kukivuruga kipimo hicho. Kasoro hii si kama upofu wa mtoni, ule uletwao na usubi, ambao watu wa Ituri wanaujua na kuuogopa kwa haki. Astigmatizimu haiambukizwi, haileti usaha, na mara nyingi mtu akitazama jicho la mwenzake kwa nje haoni kitu. Ndiyo sababu mtoto aweza kuwa nayo miaka mingi akiketi darasani, na wakubwa wake wasimpe jina jingine ila mzembe.

Jicho lenye mgongo wa kijiko

Mbele ya jicho pana kioo chembamba, hai, kisicho na rangi, kinachoitwa konea. Nyuma yake iko mboni, yaani tundu jeusi la kupitisha nuru, kisha lenzi ndogo, na nyuma kabisa utando uitwao retina, mahali picha zinapopokewa. Kazi ya konea na lenzi ni kuikusanya nuru itokayo katika nukta moja ya kitu, iwe tena nukta moja juu ya retina. Konea ikiwa imeviringana sawasawa pande zote, kama kipande cha ganda la chungwa, kazi hiyo yafanyika vema.

Sasa twaa kijiko, ukitazame mgongo wake. Kwa upana umepinda sana. Kwa urefu umepinda kidogo. Konea yenye umbo la namna hiyo haiwezi kuikusanya nuru yote mahali pamoja. Nuru ipitayo kwenye mpindo mkali yakutana mapema, nayo ipitayo kwenye mpindo mdogo yakutana baadaye. Kwa hiyo nukta haiwi nukta, bali hugeuka kuwa mstari. Mwenye jicho hilo akitazama msalaba uliochorwa ubaoni, huenda akaona mti wake wa wima mweusi na safi, na ule wa mlalo una ukungu, au kinyume chake. Hapo ndipo kasoro hii inapoachana na ile ya mtu asiyeona mbali. Asiyeona mbali huona kila kitu cha mbali kina ukungu pande zote; mwenye astigmatizimu ukungu wake una mwelekeo.

Mwingereza mmoja, daktari Thomas Young, aliandika habari ya kasoro hii mwaka 1801 baada ya kuigundua katika jicho lake mwenyewe. Alitaka kujua imetoka wapi. Basi akalifunika jicho lake kwa kikombe kidogo cha maji chenye lenzi, kwa maana maji yakigusa konea huiondolea karibu nguvu zake zote. Kasoro ikabaki vile vile. Akatambua kwamba kwake yeye haikutoka kwenye konea bali ndani, kwenye lenzi. Watu wengi ni kinyume chake, lakini wachache wangekuwa na uvumilivu wa kulijaribu jambo hilo juu ya jicho lao wenyewe!

Mwaka ule ule wa 1801 alizaliwa George Biddell Airy, ambaye baadaye alikuwa mwanafalaki mkuu wa Uingereza. Kijana huyu alitambua kwamba katika kusoma alilitumia jicho moja tu; la kushoto lilikuwa kama mgeni asiye na kazi nyumbani. Akatoboa tundu dogo katika karatasi, akatazama nuru kwa jicho hilo. Alipoisogeza karatasi, nukta ya nuru iligeuka mstari wa kuelekea upande mmoja. Alipoisogeza tena, ikawa mstari wa kuelekea upande mwingine. Mwaka 1825 alieleza habari hiyo mbele ya wataalamu wa Cambridge, na fundi mmoja wa mji wa Ipswich alimtengenezea kioo kisichokuwa kama vioo vya miwani vya siku zile. Kilikuwa na mpindo wa silinda, kama kipande kilichokatwa ubavuni mwa chupa. Miwani ya astigmatizimu ya leo bado hutengenezwa kwa kanuni hiyo.

Jina lenyewe lilitungwa na mtaalamu mwingine wa Cambridge, William Whewell, kwa maneno ya Kiyunani: a, maana yake bila, na stigma, maana yake nukta au alama. Wasomaji wetu wanalijua neno hilo kwa njia nyingine, kwa kuwa stigmata ndilo jina la alama za madonda ya Bwana zilizoonekana mwilini mwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Neno ni lile lile. Lakini katika habari za macho ni nukta tu, ile nukta ambayo jicho limeshindwa kuipata.

Mashahidi wawili

Sasa tuuendee umbali. Ninyi wanafunzi, fanyeni jaribio hili. Shika kalamu kwa mkono mmoja na kifuniko chake kwa mkono wa pili, mbele ya uso wako. Fumba jicho moja, kisha ulete kifuniko kutoka ubavuni ukaivike kalamu. Wengi watapita mbele au nyuma ya ncha. Fumbua macho yote mawili, urudie. Mara hii mkono wafika penyewe.

Sababu ni kwamba macho yetu yameachana kwa sentimita 6 na kitu, na kwa hiyo kila jicho huona picha yake, iliyo tofauti kidogo na ya mwenzake. Mwaka 1838 mtaalamu Charles Wheatstone alilithibitisha jambo hili kwa chombo chenye vioo viwili: alionyesha kila jicho mchoro wake, na michoro miwili iliyo bapa juu ya karatasi ikaonekana kitu kimoja chenye kina. Macho ni kama mashahidi wawili waliosimama mahali mbalimbali wakiliona tendo moja, na ubongo ni hakimu. Huyalinganisha maneno yao, na kutokana na tofauti ndogo kati yao hukata shauri: kitu hiki kiko karibu, kile kiko nyuma yake.

Basi angalia jambo ambalo watu wengi hawalitambui. Kwa kuwa macho yamepangwa kushoto na kulia, tofauti ya picha zake nayo ni ya kushoto na kulia. Tofauti hiyo huonyeshwa vizuri na vitu vilivyosimama: mwimo wa mlango, shina la mkaratusi, nguzo, mguu wa meza. Haionyeshwi vizuri na vitu vya mlalo. Mama aliyewahi kukimbia uani jioni na kupigwa shingoni na kamba ya kuanikia nguo alijua kwamba kamba ipo. Ila hakujua iko mbali kiasi gani, maana kamba iliyonyooka mlalo haina alama ya kulinganisha.

Twaweza sasa kufahamu madhara ya astigmatizimu. Ikiwa ukungu wake waiangukia mistari iliyosimama, yaharibu ushahidi ule ule ambao hakimu anauhitaji. Ikiwa katika kila jicho mwelekeo wa ukungu ni mshazari, na upande wa jicho hili si sawa na upande wa jicho lile, ubongo wapokea picha mbili zisizopatana, nao wahangaika kuziunganisha. Ikiwa jicho moja ni zima na la pili lina kasoro kubwa, ubongo huchoka na shahidi huyu anayegugumia, ukamwacha, ukamsikiliza mmoja tu. Mtu huyo ana macho mawili usoni, lakini katika kupima umbali wa vitu vya karibu ni kama mwenye jicho moja.

Kwa mtu mzima madhara haya huondoka zaidi akipata miwani. Kwa mtoto mdogo mambo ni mazito kuliko hapo. Ubongo wake ungali unajifunza kuona, na jicho ambalo halikupata picha safi katika miaka ile huenda lisijifunze kamwe kuona vizuri, hata likiwekewa kioo kizuri baadaye. Waganga huliita jicho vivu, jina ambalo mimi silipendi, kwa sababu jicho halikufanya uvivu wowote, lilinyimwa shule. Ndiyo sababu mtoto yafaa apimwe macho kabla ya kuanza masomo au katika miaka ya kwanza ya shule, wala si pale aposhindwa mtihani.

Lakini tusiwatishe watu bure. Astigmatizimu ndogo ni jambo la kawaida sana. Wengi wanayo na hawaijui, na kina cha vitu wanakiona bila shida. Iliyo kubwa, au iliyo tofauti sana kati ya macho mawili, ndiyo inayosumbua. Mtoto mwenye kasoro hiyo aweza kumimina maji kando ya kikombe. Ashukapo ngazi za kanisa, huutanguliza mguu kuipapasa ngazi kama mzee. Akiwa golikipa, mikono yake hufumbata kabla mpira haujafika, na wenzake hucheka. Darasani huchanganya 3 na 8, huinamisha kichwa upande mmoja, hukunja macho mpaka yabaki kama ufa. Kukunja huko si jeuri mbele ya mwalimu. Ufa mwembamba huzuia sehemu ya nuru iliyopotoka, na kwa kitambo picha hutakata.

Na kwa wale waendeshao pikipiki katika Boulevard de la Libération pale Bunia, neno moja zaidi. Usiku mboni hupanuka, na nuru hupita katika sehemu kubwa zaidi ya konea. Hivyo ukungu wa astigmatizimu huzidi. Taa ya gari lijalo hutoa mishale mirefu ya nuru, na taa mbili zilizo mbalimbali huonekana kama zimeshikana. Mwendeshaji aonaye vizuri mchana na kuziogopa taa usiku afadhali apimwe macho kabla ya kununua taa kali kuliko za wenzake.

Kijana wa Epulu

Mashahidi hao wawili wana mpaka wao. Ukisimama juu ya Bogoro ukatazama Uganda, picha ya jicho la kushoto na ya jicho la kulia ni kama moja, maana sentimita 6 si kitu mbele ya kilomita nyingi. Hapo hakimu hutumia ushahidi mwingine: kitu kifunikacho kingine kiko mbele; mlima wenye rangi ya moshi uko mbali; na ng'ombe aonekanaye mdogo kama mbuzi hakupungua mwili, ila amekwenda mbali. Ushahidi huu hatukuzaliwa nao tukiwa tunaujua wote. Mwingi wake tumejifunza kwa kuishi.

Jambo hili lilionekana kwa namna ya ajabu kwa mwana wa Ituri yetu. Colin Turnbull, mtaalamu Mwingereza wa mila za watu, aliishi kati ya Wambuti wa Epulu, katika msitu ulio magharibi ya Bunia, na mwaka 1961 alichapisha habari zao. Alikuwa na rafiki kijana wa Kimbuti aliyeitwa Kenge, aliyekulia msituni, mahali ambapo miti hukomesha macho baada ya hatua chache. Turnbull alimchukua mpaka nje ya msitu. Alipoiona milima ya Ruwenzori, Kenge aliuliza kama ni vilima au mawingu. Kisha walifika Ishango, kando ya Ziwa Edward, katika hifadhi iliyoitwa siku zile Albert na ambayo tangu 1969 huitwa Virunga. Nyati walikuwa wakila majani mbali sana uwandani. Kenge aliwatazama, akauliza ni wadudu gani wale. Alipoambiwa ni nyati, tena wakubwa kuliko nyati wa msituni, alicheka, akadhani anafanyiwa mzaha. Gari lilipowasogelea, na wadudu wakazidi kukua mbele ya macho yake, alianza kushuku uchawi. Na mashua yenye watu, iliyokuwa mbali ziwani, aliiona kama kipande cha mti.

Wapo waliosoma kisa hiki na kumcheka Kenge. Wamekosa. Kwanza, ni habari ya mtu mmoja, haitoshi kuhukumia taifa zima. Pili, Turnbull hakusimulia kwamba macho ya kijana huyu yalikuwa na kasoro, na kwa maisha ya msitu hayakumpungukia kitu. Mtu wa Bunia akiachwa peke yake ndani ya msitu wa Epulu, asingeweza kujua kwa sikio, kama wajuavyo Wambuti, mnyama yuko umbali gani nyuma ya majani. Kenge alikosa jambo moja tu: hakuwahi kukiona kitu akijuacho kikiwa kilomita kadhaa mbali naye. Hakimu wake hakuwa amefundishwa kesi ya namna ile. Na gari liliposogea, alianza kufundishwa.

Siku za kwanza za miwani

Kisa cha Kenge chatusaidia kufahamu jambo linalowapata wengi wanaovaa miwani ya astigmatizimu kwa mara ya kwanza. Kwa Kenge mashahidi walikuwa wazuri na kesi ilikuwa ngeni. Kwa mvaa miwani kesi ni ile ile ya kila siku, lakini mashahidi wamebadilisha maneno yao ghafula.

Kioo cha silinda hukuza picha zaidi upande mmoja kuliko upande wa pili. Mhimili wake ukiwa mshazari, mwimo wa mlango huegemea kidogo katika jicho hili, na katika jicho lile huegemea upande mwingine. Hakimu alizoea kwamba tofauti kati ya macho maana yake ni kina. Kwa hiyo atoa hukumu ya kina, nayo si kweli. Mtu asimamapo, sakafu yaonekana imeinama. Meza ya pembe nne yaonekana ina upande mmoja mrefu. Ardhi yaonekana imeshuka chini kuliko ilivyo, na mguu wakanyaga kwa kishindo. Herufi zi safi kuliko siku zote, lakini tumbo lasokota kama la msafiri wa lori.

Hapo ndipo miwani mingi huishia sandukuni. Mama aliyetoa fedha za mavuno asikia mtoto akilalamika kwamba nyumba imepinda, akasema mganga amekosea. Huenda hakukosea. Mara nyingi miwani ikivaliwa daima, ubongo hupanga upya hesabu zake, na sakafu hulala tena kwa muda wa wiki moja hivi. Aivaaye leo na kuiacha kesho huuanzisha ubongo upya kila mara. Kwa watoto kazi hii huwa nyepesi kuliko kwa wazee.

Lakini miwani yenyewe lazima iwe ya mtu huyo. Katika karatasi ya mganga mna tarakimu za kila jicho: nguvu ya kawaida ya kioo, nguvu ya silinda, na mhimili, yaani mwelekeo wa silinda, uliopimwa kwa digrii kutoka 0 hadi 180. Tarakimu hii ya mwisho si pambo. Kioo kikigeuka digrii 30 tu kutoka mahali pake, faida yake ya kuondoa astigmatizimu yapotea yote. Mtu atabaki na kasoro kubwa kama ile ya kwanza, ila imeelekea upande mwingine. Kwa hiyo miwani ya marehemu babu, au iliyotumika ikauzwa sokoni, hata ikimfanya mtu aone herufi kubwa, haiwezi kumfaa ila kwa bahati. Na fremu iliyokaliwa kitini ikapindika yafaa inyoshwe na fundi, kwa maana kioo kimehama pamoja nayo.

Nyumbani mwaweza kumtazamia mtoto kwa njia nyepesi, isiyo badala ya mganga. Chora juu ya karatasi mistari minene iliyo sawa, itokayo katikati kama njiti za gurudumu la baiskeli. Mtoto afumbe jicho moja, kisha la pili, na kila mara aseme kama njiti zote ni nyeusi sawa. Akisema baadhi zimefifia, na nyingine ni nyeusi sana, mpelekeni akapimwe. Mzuieni pia asisugue macho kwa nguvu kila yanapomwasha, kwa kuwa kusugua kwa miaka kwaweza kuidhoofisha konea mpaka ichongoke, na hapo kasoro huwa ya vurugu isiyorekebishwa vizuri kwa miwani ya kawaida. Wala msimtie maji ya majani machoni. Kovu juu ya konea, liwe limeletwa na dawa hizo au na surua, lapotosha nuru kwa namna ambayo hakuna kioo cha silinda kiwezacho kuinyosha yote.

Na mtoto akiisha kupata miwani yake, aivae tangu aamkapo hata alalapo. Siku tatu za kwanza asipande baiskeli, na ngazi azishuke akishika ukuta. Zikipita wiki mbili na sakafu ingali imeinama, msiifiche miwani. Irudisheni kwa mganga pamoja na karatasi yake, aitazame tena ile tarakimu ya mhimili.